Gazeti Linapofungiwa: Sheria, Leseni na Mahakama katika Kutetea Uhuru wa Habari Afrika Mashariki

Udhibiti wa habari, yaani hatua yoyote ya mamlaka ya kuzuia, kufuta au kuadhibu taarifa na maoni ya watu, hudhaniwa na wengi kuwa ni kazi ya askari anayevamia chumba cha habari usiku na kuondoka na mwandishi. Maovu ya namna hiyo yapo, na Tanzania inayakumbuka: Daudi Mwangosi wa kituo cha Channel Ten aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo, mkoani Iringa, alipokuwa kazini, na Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi aliyeripoti mauaji ya watu wilayani Kibiti, hajulikani alipo tangu Novemba 2017. Hata hivyo, sehemu kubwa ya udhibiti hufanyika mchana kweupe, kwa barua yenye mhuri inayotaja kifungu cha sheria, nayo huacha majeraha yasiyoonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo, utetezi wa uhuru wa habari katika ukanda huu umekuwa kwa kiasi kikubwa mapambano juu ya maneno ya sheria na juu ya nani mwenye haki ya kuyatafsiri.

Mirathi ya mkoloni

Sheria zinazolalamikiwa leo hazikuzaliwa na uhuru. Serikali ya Waingereza Tanganyika, iliyokuwa ikichapisha jarida lake la Mambo Leo tangu 1923, ilitunga sheria ya magazeti mwaka 1928, na gazeti kama Kwetu, lililoanzishwa na Erica Fiah jijini Dar es Salaam mwaka 1937 ili Waafrika wajisemee wenyewe, lilifanya kazi chini ya kivuli chake. Katika mfumo huo mchapishaji alihesabiwa kuwa mtu wa kuangaliwa, na makosa ya uchochezi na kashfa yaliwekwa kwenye sheria za jinai, maana yake ni kwamba anayeandika jambo lisilompendeza mtawala alishtakiwa na dola kama anavyoshtakiwa mwizi, hata pale ambapo mtu aliyeguswa angeweza kwenda mwenyewe mahakamani kudai fidia.

Aliyeonja makali ya utaratibu huo ni Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1958 jarida la chama chake, Sauti ya TANU, lilichapisha makala iliyowalaumu mabwana shauri, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni, kwa namna walivyowatendea wananchi; naye akashtakiwa kwa kashfa ya jinai, akatiwa hatiani, na akatakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi 6. Faini ililipwa, na miaka 3 baadaye mshtakiwa akawa Waziri Mkuu wa nchi huru. Jambo la kushangaza ni kwamba sheria yenyewe haikuondoka pamoja na bendera ya Mwingereza. Mwaka 1968 sheria ya magazeti ilifanyiwa marekebisho yaliyompa Rais mamlaka ya kufungia gazeti, na mwaka 1976 ikaja Sheria ya Magazeti Namba 3, ambayo kifungu chake cha 25 kilimruhusu kiongozi wa serikali kusimamisha gazeti lolote akiona kwamba maslahi ya umma au amani vinataka hivyo. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyochunguza mfumo wa siasa mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliiweka sheria hiyo katika orodha ya sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa, lakini ilidumu hadi Novemba 2016, ilipochukuliwa nafasi na Sheria ya Huduma za Habari Namba 12 ya mwaka huo.

Leseni na maneno yasiyo na mpaka

Ili kuelewa namna udhibiti wa kisheria unavyofanya kazi, inafaa kutenganisha nyenzo zake mbili. Ya kwanza ni leseni. Chini ya sheria ya 1976 gazeti lilisajiliwa, na likishasajiliwa liliendelea kuwa hai mpaka lifutwe. Chini ya utaratibu ulioanza kutekelezwa mwaka 2017, magazeti yote, makongwe kwa machanga, yalitakiwa kuomba leseni upya na kuihuisha kila mwaka katika Idara ya Habari, maarufu kama Maelezo, ambayo ni idara ya serikali ileile inayoandikwa na magazeti hayo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ni kubwa katika utendaji, kwa kuwa anayefuta usajili hulazimika kuchukua hatua na kuitolea sababu, ilhali anayesita kutoa leseni mpya hahitaji kufanya lolote zaidi ya kukaa kimya.

Nyenzo ya pili ni maneno mapana. Sheria inaposema kwamba ni kosa kuchapisha habari za uongo, au habari zenye nia ya uchochezi, au habari zinazohatarisha usalama wa taifa, bila kueleza kwa usahihi uongo upi, nia ipi na hatari ipi, mwandishi hawezi kujua mapema amevuka mpaka au la, na afisa anayetekeleza sheria hubaki na uhuru wa kuamua baada ya tukio. Kifungu cha 50 cha sheria ya 2016, kama kilivyotungwa awali, kiliambatanisha makosa ya aina hiyo na faini ya kati ya shilingi milioni 5 na milioni 20, au kifungo cha kati ya miaka 3 na 5, au vyote viwili. Kifungu cha 59 nacho kilimpa waziri mamlaka ya kuzuia chapisho lolote analoliona kuwa la hatari kwa usalama wa taifa au wa jamii. Katika utaratibu huo, anayejiona ameandikwa vibaya ndiye mlalamikaji, mwendesha mashtaka na hakimu kwa wakati mmoja.

Sheria ya Takwimu ilionyesha mantiki hiyohiyo kwa njia iliyo wazi zaidi. Marekebisho yake ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa la jinai kusambaza takwimu zinazopingana na zile za serikali, jambo lililomaanisha kwamba mtafiti aliyehesabu na kupata jibu tofauti na la Ofisi ya Taifa ya Takwimu angeweza kufungwa bila mtu yeyote kuthibitisha kwamba hesabu zake zilikuwa na kasoro. Lawama zilitoka ndani na nje ya nchi, ikiwemo Benki ya Dunia, na mwaka uliofuata Bunge likailegeza sheria hiyo. Mfano huo unafundisha kwamba neno uongo, likiachwa mikononi mwa mamlaka, huishia kumaanisha chochote kinachotofautiana na kauli ya mamlaka.

Gharama ya siku 90

Tarehe 27 Septemba 2013 serikali iliyafungia magazeti mawili ya kila siku, Mwananchi kwa siku 14 na Mtanzania kwa siku 90. Miongoni mwa habari zilizoliponza Mwananchi ni ile iliyotoa viwango vipya vya mishahara ya watumishi wa serikali, vilivyokuwa katika waraka wa siri. Suala la kama mishahara inayolipwa kwa kodi ya wananchi inastahili kuwa siri kwa wananchi haohao halikupata nafasi ya kujadiliwa mbele ya hakimu, kwa sababu adhabu ilitolewa kwa amri ya kiutawala.

Uzito wa amri ya namna hiyo unaeleweka vizuri zaidi kwa kufuata safari ya gazeti la siku moja. Kurasa hufungwa jioni, zikapelekwa mtamboni, na kabla ya alfajiri vifurushi vimeshapakiwa kwenye magari na mabasi ya kwenda mikoani. Asubuhi wauza magazeti huyatandaza mezani, wapita njia wakasimama kusoma vichwa vya habari hata bila kununua, na watangazaji wa redio na televisheni wakayasoma hewani kwa ajili ya wale wasioyafikia. Gazeti likifungiwa, mapato ya mauzo hukatika siku hiyohiyo, watangazaji wa biashara huhamishia fedha zao kwingine, lakini kodi ya ofisi na mishahara haisimami. Kwa kampuni kubwa siku 90 ni hasara. Kwa kampuni ndogo inayotegemea gazeti moja la wiki, ni hukumu ya kifo iliyopewa jina la adhabu ya muda.

Orodha ya miaka iliyofuata ni ndefu. Mseto lilifungiwa kwa miezi 36 mwezi Agosti 2016 baada ya kuchapisha tuhuma za rushwa dhidi ya naibu waziri. Mwezi Juni 2017 Mawio lilifungiwa kwa miezi 24 baada ya kuwahusisha marais wawili wastaafu na mikataba ya madini. MwanaHALISI, Raia Mwema na Tanzania Daima yakafuata mwaka huohuo kwa vipindi tofauti. The Citizen likasimamishwa kwa siku 7 Februari 2019 kufuatia habari kuhusu kuporomoka kwa thamani ya shilingi. Na Juni 2020 Tanzania Daima likafutiwa leseni kabisa. Upande wa mtandaoni, kanuni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu ya habari alipe jumla ya shilingi milioni 2.1 kwa maombi na leseni ya mwaka wa kwanza, kiasi ambacho kijana anayeandika kwa simu kutoka Mtwara au Kigoma hakukimudu kwa urahisi.

Hata hivyo, athari kubwa zaidi ya adhabu hizo haimo katika magazeti yaliyofungiwa, bali katika yale yaliyobaki sokoni. Wahariri huiita hali hiyo kujidhibiti, nayo hutokea pale mhariri anapofuta jina la waziri na kuandika kigogo mmoja, anapoihamisha habari ya ukurasa wa kwanza hadi ukurasa wa tisa, au anapomshauri mwandishi wake aachane na mkataba wa zabuni na kufuatilia uzinduzi wa mradi. Hakuna amri iliyotolewa, hakuna barua iliyoandikwa, na hakuna takwimu itakayohesabu habari ambazo hazikuandikwa. Msomaji hupata gazeti kamili kila asubuhi bila kujua kilichopungua ndani yake.

Mahakama zilivyoamua

Dhidi ya hali hiyo, njia iliyoleta matunda mengi ni ya mahakamani, na msingi wake ni kipimo chenye hatua tatu kinachotumika katika sheria za kimataifa za haki za binadamu. Kwanza, zuio lolote dhidi ya kujieleza ni lazima liwe limewekwa na sheria iliyo wazi kiasi cha kumwezesha mtu wa kawaida kujua kinachokatazwa. Pili, ni lazima lilenge jambo halali, kama vile kulinda heshima ya mtu au usalama wa nchi. Tatu, ni lazima liwe la lazima na lenye uwiano, yaani madhara yake yasizidi madhara yanayozuiwa, na kusiwe na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile. Faida ya kipimo hiki ni kwamba huhamisha mzigo wa kuthibitisha kutoka kwa mwandishi na kuuweka kwa serikali.

Uganda ilitangulia. Waandishi Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda wa gazeti la The Monitor walishtakiwa kwa habari za uongo baada ya gazeti lao, mwaka 1997, kunukuu jarida la nje lililodai kwamba Laurent Kabila wa Kongo aliilipa Uganda kwa dhahabu. Tarehe 11 Februari 2004 Mahakama ya Juu ilifuta kosa hilo, ikieleza kwamba kauli haipotezi ulinzi wa katiba kwa sababu tu inadaiwa kuwa si ya kweli. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikafuta kosa la uchochezi katika shauri la Mwenda huyohuyo. Kenya, ambayo Bunge lake lilikuwa limeondoa uchochezi vitabuni mwaka 1997, iliona Mahakama Kuu ikibatilisha kashfa ya jinai tarehe 6 Februari 2017.

Arusha imekuwa kitovu cha pili cha mapambano hayo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake jijini humo, iliamua tarehe 5 Desemba 2014, katika shauri la mhariri Lohé Issa Konaté dhidi ya Burkina Faso, kwamba kumfunga mwandishi mwaka mzima kwa kosa la kashfa kunavunja ibara ya 9 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Jirani yake, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ilitoa hukumu dhidi ya sheria ya habari ya Burundi tarehe 15 Mei 2015, siku chache tu baada ya jaribio la mapinduzi ambalo katika vurugu zake redio binafsi za Bujumbura zilishambuliwa na kunyamazishwa. Miongoni mwa vifungu vilivyoangushwa ni kile kilichomlazimisha mwandishi kutaja chanzo cha habari zake. Majaji walisema kwamba vyombo huru vya habari ni sehemu ya utawala bora na demokrasia, mambo ambayo nchi wanachama ziliahidi kuyaheshimu katika ibara za 6(d) na 7(2) za Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo sheria inayovikandamiza ni uvunjaji wa ahadi hiyo.

Msimamo huo ndio uliotumika kwa Tanzania. Tarehe 21 Juni 2018 mahakama hiyo iliamua kwamba amri ya kulifungia Mseto ilikuwa batili, kwa kuwa waziri hakuonyesha ni kwa namna gani habari ile ilidhuru maslahi ya umma. Tarehe 28 Machi 2019, katika shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu, ikaamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari, vikiwemo vile vya kashfa ya jinai, habari za uongo, uchochezi na mamlaka ya waziri ya kuzuia machapisho, vinapingana na Mkataba wa Jumuiya.

Mpaka wa uhuru

Watetezi wa sheria kali hujibu kwamba kalamu isiyo na mpaka inaweza kuua, na historia ya eneo hili inawapa ushahidi. Redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo nchini Rwanda mwaka 1993, pamoja na gazeti la Kangura, vilieneza chuki dhidi ya Watutsi hadi mauaji ya kimbari ya 1994, na tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa ikikaa Arusha, iliwatia hatiani waliohusika na vyombo hivyo, Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze.

Shauri hilo, likisomwa kwa makini, halitetei uchochezi wa kikoloni wala leseni ya kila mwaka. Kosa la kuchochea mauaji ya kimbari lina maana mahsusi katika sheria, liliendeshwa mahakamani kwa miaka, mashahidi walihojiwa na pande zote mbili, na watuhumiwa walikata rufaa iliyobadili sehemu ya hukumu na kupunguza adhabu mwaka 2007. Isitoshe, RTLM haikuwa chombo kilichoikosoa serikali, bali kilikuwa kipaza sauti cha watu wenye nguvu ndani yake, kwa hiyo mamlaka ya waziri ya kufungia vyombo isingewaokoa Watutsi. Kadhalika, mtu aliyechafuliwa jina ana njia nyingine: haki ya kujibu katika ukurasa uleule, usuluhishi wa Baraza la Habari, ambalo waandishi wenyewe waliliunda mwaka 1995, na shauri la madai linaloweza kumpa fidia bila kumpeleka mtu jela wala kuwanyima wasomaji gazeti lao.

Kilichobaki

Ushindi wa mahakamani, hata hivyo, una udhaifu unaopaswa kutazamwa bila kufichwa. Hukumu ya Mseto ilitoka karibu miaka 2 baada ya gazeti kufungiwa, na leseni yake haikurejeshwa mpaka tarehe 10 Februari 2022, wakati waziri wa habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alipoyafungulia kwa pamoja Mseto, Mawio, MwanaHALISI na Tanzania Daima. Hatua hiyo ilishangiliwa na wanahabari kwa haki, lakini ilionyesha pia kwamba kilichoshindwa kufanywa kwa amri ya majaji kilifanyika kwa ridhaa ya kiongozi, na kinachotolewa kwa ridhaa kinaweza kuondolewa kwa ridhaa. Mwezi Juni 2023 Bunge lilirekebisha sheria ya 2016, likaitoa kashfa katika jinai, na likaondoa utaratibu wa matangazo ya serikali kuratibiwa na Maelezo, ambao ulikuwa ukitia hofu kwamba gazeti lenye ukosoaji lingenyimwa fedha za matangazo. Lakini mfumo wa leseni ulibaki, na Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi kufuatia katuni ya video iliyogusa suala la watu kupotea.

Kutokana na uzoefu huo, mambo mawili yanajitokeza kuwa kiini cha madai ya sasa. La kwanza ni kwamba uamuzi wa kusimamisha chombo cha habari uondolewe kwa waziri na kwa mdhibiti anayemtumikia, ukabidhiwe mahakama pekee, ili adhabu isitangulie kesi. La pili ni kwamba leseni irejee kuwa usajili wa kawaida, kama ule wa kampuni yoyote, unaofanywa mara moja na usioweza kunyimwa kwa sababu ya kilichoandikwa. Madai hayo si ya waandishi peke yao, kwa sababu ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, na anayepoteza zaidi gazeti linapofungiwa ni mwananchi ambaye mkataba, bajeti au tuhuma iliyomhusu haikumfikia. Ni yeye basi mwenye sababu kubwa ya kumuuliza mbunge wake, kabla ya kura na baada yake, kwa nini mtu mmoja ofisini aendelee kuamua taifa zima lisome nini.